Wimbo Uliokwama Handakini

Kazi ya kutunza modemu ya kanisa ilimwangukia Mukashema kwa sababu ufunguo wa ofisi ulikuwa kwake. Hapakuwa na sababu nyingine. Bienfait, fundi aliyeifunga ukutani na kuitunza miaka mitatu, alipata safari yake ya Amerika ghafla, kama safari hizo za wakimbizi zinavyokuja: jina ubaoni Jumatatu, basi Alhamisi. Siku ya kuondoka alipita kwa Mukashema amevaa viatu vipya vinavyombana.

"Mama, wewe njo unafungua ofisi kila asubuhi," akamwambia, na "njo" kwa watu wa Kongo ni "ndiye". "Ukikuta taa ya buluu, usiguse kitu. Ukikuta nyekundu, zima, hesabu mpaka makumi tatu, washa."

"Na ikikataa?"

"Omba," Bienfait akasema, akacheka, akaenda zake.

Mukashema hakuona kama ni mzaha. Aliomba kweli. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mwanamke wa sauti ya chini, aliyesoma madarasa matano huko milimani Kivu Kusini, kisha maisha yakamtoa shuleni. Kambini Nakivale alikuwa amekaa miaka mingi kiasi kwamba miti aliyoipanda mwenyewe ilikuwa inampa kivuli. Alilima maharage, aliimba sauti ya pili katika kwaya ya akina mama, na kila alfajiri, ukungu wa ziwa ukiwa bado umelala juu ya paa za mabati, alifagia ofisi ya kanisa. Akimaliza alikaa kidogo kwenye benchi na kuitazama ile modemu na vitaa vyake. Alijua maneno ya watu yanapita humo bila kuonekana, yanatoka Nakivale yanakwenda kwa watoto walioko Kanada, yanarudi. Kwa mtu aliyezoea kuomba, jambo hilo si gumu kuamini. Wakati mwingine usingizi ulimchukua pale pale, ufagio mkononi, akaota kwamba anayasikia yakipita, mepesi kama nzige jioni.

Sasa, Mukashema alikuwa na dada mmoja tu duniani, Annonciata, aliyemzidi miaka minane. Alimwita yaya, kama tunavyowaita ndugu zetu wakubwa. Mama yao alifariki Mukashema akiwa bado ananyonya, na yaya ndiye aliyembeba mgongoni akichunga ng'ombe, na kwa kuwa mtoto alikuwa analia, akamwimbia nyimbo zote za kanisa alizozijua, na zilipokwisha akatunga nyingine. Miaka tisa iliyopita Annonciata alipelekwa Norwei. Walikuwa wanaandikiana kila Jumapili. Ujumbe wa Jumapili hii ninayoisimulia ulikuwa mfupi:

"Mdogo wangu, madaktari batafungua moyo wangu siku ya ine, saa mbili ya asubuhi ya huku. Wauguzi ni watu wema sana, lakini hawaimbi. Waambie bamama banibebe."

Siku ya ine ndiyo Alhamisi. Na kubebwa nako ni lazima nikueleze, maana si kila kanisa lina desturi hii. Kule milimani hospitali ilikuwa mwendo wa siku mbili. Mgonjwa alilazwa kwenye machela ya miti, wanaume wakashika miti, na wanawake wakatembea kando wakiimba, njia nzima, wasinyamaze hata kwenye mito, ili mgonjwa ajue kwamba hajaachwa. Sasa hospitali ziko karibu na magari yapo, lakini katika kanisa la Mukashema hakuna anayeingia chini ya kisu bila kuimbiwa. Akina mama wanazunguka kitanda na kuimba mpaka mlango wa chumba cha upasuaji unafungwa. Wanaita hivyo hivyo, kumbeba. Mukashema mwenyewe alibebwa mwaka alipotolewa uvimbe, na alikumbuka usingizi wa dawa ulivyomjia na wimbo bado uko sikioni, kama mtu anayelala ndani ya mtumbwi.

Basi yaya asiimbiwe? Aingie pale peke yake, katika nchi ile yenye ukimya?

Jumatatu mchana akina mama kumi na mmoja walijazana ofisini kufanya jaribio. Simu ilikuwa ya Pascaline, muuza vitenge, mwenye simu pana kuliko zote na mdomo mpana vilevile. Wakapiga simu ya picha. Ikaita. Annonciata akapokea. Halafu pale ambapo uso ulipaswa kuwapo likaja vumbi la kijivu, na duara dogo likaanza kuzunguka, likazunguka, likazunguka.

"Yaya, unatuona?" Mukashema akaandika.

Maandishi yakafika mara moja, na jibu likaja mara moja: "Naona giza. Nasikia moja moja, kama kuku anadonoa."

Wakajaribu kutuma picha ya kwaya. Haikuenda. Wakatuma maandishi. Yakaenda. Picha, hapana. Maandishi, ndiyo.

"Wanatuzuia," akasema Pascaline. "Iko mutu katikati."

Hapo ndipo nikueleze habari ya handaki. Hapa Uganda, mtandao ule ambao kwaya ilikuwa inaweka picha zake ulifungwa miaka kadhaa nyuma, na tangu hapo kila mwenye simu alijifunza kupita chini kwa chini, kwa kitu kinachoitwa VPN. Wao pale kanisani walikiita handaki. Bienfait alikiweka ndani ya modemu yenyewe, ili kila anayeshika mtandao wa kanisa apite chini bila hata kujua. Wazee walilipenda neno hilo. Watu hawa waliokoka kwa kupita mabondeni na chini ya migomba wakati barabara kubwa zilikuwa na watu wenye silaha. Ukiwaambia kuna njia iliyofichika, mioyo yao inatulia.

"Basi tujifiche zaidi," akasema Pascaline. "Mimi niko na handaki yangu mu simu. Niwashe?"

"Washa," wakasema wote, na Mukashema akiwa miongoni mwao.

Akawasha. Handaki ndani ya handaki. Sasa hata sauti ya kuku anayedonoa ikapotea. Pascaline akaitikisa simu kama chupa ya dawa. Mama mmoja akapendekeza kufunga pazia. Wakalifunga. Mwishowe yaya akaandika, "Nimechoka, mdogo wangu. Nitalala kidogo," na Mukashema akabaki analitazama lile duara mpaka macho yakamwuma.

Jumanne alfajiri aliichomoa modemu, akaifunga ndani ya kitenge, akaipakata, akapanda boda mpaka Isingiro na gari mpaka Mbarara. Milima yenye ng'ombe wa pembe ndefu ilipita dirishani nusu imefunikwa na ukungu, migomba inainama, na yeye anarudia rudia mistari ya wimbo moyoni, bila kufungua kinywa.

Aliambiwa amtafute Kyomugisha, mwanamke Munyankore, mwenyeji wa huko, anayetengeneza vyombo vya mtandao chini ya ngazi za jumba moja si mbali na soko. Alimkuta amekaa nyuma ya wavu wa chuma, kwa sababu ya wezi, na katika wavu huo kumekatwa kidirisha kidogo cha kupitishia simu. Kyomugisha alikuwa anakunywa uji wa mtama. Alikitazama kile kitenge.

"Nyabo, mama, karibu. Huyu mtoto wako anaumwa nini?"

"Anakataa kubeba picha," Mukashema akasema, na hapo hapo machozi yakamtoka, jambo ambalo hakulipanga.

Kyomugisha akaweka kikombe chini. Hakutania tena. Akasikiliza yote, habari ya moyo wa yaya, ya Alhamisi, ya kuku anayedonoa. Akaiwasha modemu, akaandika namba fulani kwenye simu yake, ukurasa ukafunguka. Akatazama. Akatikisa kichwa polepole.

"Hii iko na VPN ndani. Na ile simu ya rafiki yako, nayo ulisema iko na yake?"

"Ndiyo. Tulijifunika mara mbili, ili tupite vizuri."

"Banange!" Kyomugisha akasema, akacheka, lakini kicheko cha upole. "Leta ile kitabu yako."

Mukashema alikuwa na kitabu chake cha nyimbo mfukoni, kinene, kilichoshonwa upya kwa uzi wa gunia. Kyomugisha akakisukuma kupitia kidirisha cha wavu. Kikapita vizuri kabisa.

"Hii kitabu ni kipande cha uso wa dada yako. Sawa? Barabara iko na mlango, na mlango iko na kipimo. Sasa funga na kitenge."

Mukashema akakifunga. Kikapita kwa shida, kitambaa kinakwaruza chuma.

"Ile kitenge ndiyo handaki ya kanisa. Sasa vua kilemba yako, funga tena juu."

Akavua kilemba, akafunga. Kitabu sasa kilikuwa kimevimba kama mkate. Akasukuma. Kikakataa. Akasukuma kwa kiganja. Kikakataa.

"Umeona? Kila handaki inafunika mzigo na nguo ingine. Mzigo inanenepa. Mlango hapana nenepa." Kyomugisha akakirudisha. "Na mambo mbaya ni hii: yule wa mlango akikataa, hapana rudi kukwambia. Anatupa tu. Wewe unangoja, dada anangoja, duara inazunguka."

"Na barua zetu? Mbona zilikuwa zinapita?"

Kyomugisha akachana kipande cha karatasi, akaandika neno moja, akakifunga kwenye kitenge na kwenye kilemba, akakipitisha kwa vidole viwili. "Barua ni kidogo. Hata ukivalisha makoti tatu inapita."

Mukashema alikitazama kidirisha. Alikuwa amefunga mizigo maisha yake yote. Alijua mzigo unavyofungwa kwa kukimbia na mzigo unavyofungwa kwa kuhama. Jambo hili aliliona kwa mikono yake kabla ya kuliona kwa kichwa.

"Basi tutafute handaki lenye mlango mukubwa," akasema.

"Nyabo, sikia. Handaki si barabara ingine. Inalala juu ya barabara ile ile. Kama netiwaki ya kwenu Nakivale ni kidogo, handaki hapana ongeza kitu. Inakula kidogo iliyoko. Na tena," akaonyesha kwenye ukurasa, "mdomo ingine ya handaki yenu iko Singapo. Sauti yako inatoka Nakivale, inaenda Singapo kwanza, halafu ndiyo inageuka kwenda Norwei. Dada anakungoja, wewe uko unatembea Asia."

Mukashema akatabasamu bila kutaka. Aliiona sauti yake, ndogo, imevaa kitenge, inauliza njia katika mji mkubwa wa Wachina. Kisha akauliza lile aliloliogopa.

"Na tukitoka handakini, si tutaonekana?"

Kyomugisha akasogea karibu na wavu. Alikuwa amewaona watu wa kambi wengi, na swali hilo alilijua.

"Ile simu ya picha iko na kufuli yake yenyewe. Mtu wa njiani hapana ona uso wa dada, hapana sikia wimbo. Handaki inaficha kitu moja tu: unaenda wapi. Na hata hiyo, mwenye handaki anaona. Ile ya bure ya rafiki yako, mwenyewe munamjua?"

"Hapana."

"Mimi pia hapana mjua."

Basi akamfundisha. Mukashema akaandika nyuma ya kitabu cha nyimbo kwa kalamu ya risasi: namba za kufungulia ukurasa, neno la siri lililoko kwenye kibandiko chini ya modemu, mstari wenye herufi tatu, VPN, na kile kitufe cha kusukuma kushoto, kisha *hifadhi*, kwa sababu bila kuhifadhi modemu husahau kila kitu ikizimwa. Kyomugisha akamfanya arudie mara nne. Akaongeza jambo moja: siku watakayotaka handaki tena kwa ajili ya zile picha za kwaya, kuna kipimo cha mzigo kilichoandikwa elfu moja mia tano, wakipunguze mpaka elfu moja mia nne. "Hapo modemu inakata mizigo kidogo kidogo kabla ya kuivalisha. Itapita. Polepole, lakini itapita."

Halafu akamwambia arudishe handaki kama lilivyokuwa.

"Mbona?" Mukashema akashangaa.

"Hii ni ya kanisa. Mimi hapana zima mlango ya nyumba ya watu wakati wenyewe hawako. Muongee. Mukikubali, utazima wewe. Mikono unayo."

Njia ya kurudi alisinzia, jua la alasiri shavuni. Akaota kilima kile cha utoto, na watu wanashuka kwa mstari mrefu, kila mmoja amebeba wimbo uliofungwa kwa nguo, nguo juu ya nguo, wanainama kuingia kwenye shimo jembamba, na shimo linawakataa mmoja mmoja, bila kelele, nao wanabaki wamesimama kwenye majani yenye umande, hawajui kwamba wamekataliwa. Yeye alikuwa anapita katikati yao akifungua mafundo. Aliamka vidole vyake vimeshika kitenge.

Jumatano jioni alimweleza Mchungaji Rugamba. Rugamba alikuwa mzee mwenye mvi mpaka nyusi, na ndiye aliyewatoa watu wa kijiji chao kwa njia ya bonde, siku saba, watoto wamezibwa midomo kwa maziwa. Alisikiliza akiwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Mama Mukashema," akasema, "bale balipita ku barabara kubwa, wewe unajua pahali walifika?"

"Ninajua, Mchungaji." Mume wake alikuwa mmoja wao.

"Na unaniambia tutoke mu bonde."

"Kwa kutwa moja. Kwa wimbo mmoja." Akasogea karibu. "Mchungaji, bonde lilituokoa kwa sababu Mungu alikuwa mule. Si kwa sababu lilikuwa bonde. Na handaki hii ina mwenyewe, hatumujui jina. Yeye anatuona. Tunajificha mu nyumba ya mutu tusiyemujua."

Rugamba aligeukia mlango. Nje, watu walikuwa wanarudi kutoka mashambani, wanasalimiana kwa Kinyamulenge na Kiswahili na Kirundi, jembe begani.

"Annonciata njo alikuwa anaimbia watoto, kule bondeni," akasema mwisho. "Sauti ya chini, kama mbu. Ninakumbuka." Akasimama. "Zima. Lakini mimi nitasimama ku mulango."

Na alisimama kweli, mgongo kwa ofisi, fimbo mbele, kana kwamba handaki likifungwa mtu ataingia. Mukashema akakaa kwenye benchi na simu. Akaandika namba. Ukurasa ukaja. Akageuza modemu, akasoma kibandiko kilichofifia akikisogeza kwenye mwanga wa mlango, akaandika neno la siri kwa kidole kimoja. Akapata herufi tatu. Kidole kikakaa hewani. Moyo ulikuwa unampiga kama siku ile ya kwanza ya safari, walipotoka migombani na kuona uwazi mbele. "Bwana, tembea nami," akasema, akasukuma kushoto. Akahifadhi.

Taa zote zikazimika. Kisha nyekundu. Alihesabu mpaka thelathini, akahesabu tena. Taa ya buluu ikafumbuka taratibu.

"Bado tuko?" Rugamba akauliza kutoka mlangoni.

"Bado tuko, Mchungaji."

Alhamisi saa mbili na nusu asubuhi ya kwetu, ambayo kule Norwei ni saa moja na nusu, akina mama walikuwa wamepanga mistari miwili, wamevaa vilemba vyeupe kama vya Pasaka. Pascaline akaisimamisha simu yake juu ya Biblia tatu. Wakapiga. Ikaita. Yaya akapokea.

Kijivu. Duara.

Nusu saa tu ilikuwa imebaki. Akina mama wakaanza kunong'ona. Mukashema akaisogelea simu, akaitazama kama anavyotazama maharage kabla ya kuyaloweka, punje moja moja, na juu kabisa pembeni akaona alama ndogo ya ufunguo ambayo kwenye simu yake haikuwapo.

"Mama Pascaline. Hii ni nini?"

Pascaline akatazama dari. "Mimi nilijifunika kidogo tu."

"Pascaline!"

"Kidogo! Nikiamka ninaswaki, ninaomba, ninawasha VPN. Ni mazoea! Mutaniua?"

"Vua!" wakasema wote kumi kwa pamoja, na Mchungaji kutoka mlangoni akasema, "Vua, mwanamuke, vua!" halafu akakohoa kwa aibu, na akina mama wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta.

Pascaline akazima, huku analalamika. Wakapiga upya.

Na uso ukaja. Haukuja vipande vipande. Ulikuja wote, kama mtu anayefungua dirisha ukiwa umesimama nje yake. Annonciata amevaa kofia ya karatasi ya buluu, mashavu yamepungua, na macho ni yale yale. Nyuma yake dirisha lenye mvua nyembamba.

"Eeh!" akasema. "Mumenenepa!"

Mukashema aliinua mkono tu. Mama mmoja wa mstari wa nyuma akaanzisha ule wimbo Annonciata aliotunga mwenyewe akichunga ng'ombe, ambao sasa kanisa zima huimba:

*Maji yako mengi, Bwana, na mimi ni mdogo,*
*shika tu upande mmoja wa nguo yangu.*

Annonciata akaanza kuimba nao. Lakini hata njia ya wazi ina urefu wake. Sauti yake ilikuwa inafika nyuma kidogo, nusu ya neno, na wao wakimfuata wakachelewa, naye akiwafuata akachelewa zaidi, wimbo ukaanza kuyumba kama mlevi. Annonciata akainua kidole.

"Pascaline! Unakimbia! Hata leo unakimbia!"

"Ni rezo, mama!" Pascaline akajitetea, akimaanisha mtandao.

"Rezo haijawahi kuimba. Ni wewe."

Hapo Mukashema akainama mbele ya simu. "Yaya," akasema, "nyamaza. Wewe leo unabebwa. Tuachie sisi."

Dada yake akamtazama. Mdogo hakuwahi kumwambia yaya wake nyamaza, si mara moja katika miaka hamsini. Kisha Annonciata akalaza kichwa kwenye mto, akafumba macho, akanyamaza. Wakaimba. Waliimba sauti zote nne, taratibu, bila kumngoja mtu, na ofisi ile ya mabati ikajaa mpaka Mukashema akaona kama kuta zimerudi nyuma, kama wako nje, kuna majani na umande na vumbi la ng'ombe, na machela inapita katikati yao, haina uzito wowote.

Wauguzi wawili wakaja. Mmoja akasema neno, Annonciata akaitikia bila kufumbua macho. Wakaachia breki za kitanda. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kikombe juu ya meza, na hakuna aliyeikumbuka. Kitanda kikaondoka, miguu yake ikapita, mlango ukafunguka na kujifunga, na kwenye kioo pakabaki dirisha, mvua, na mahali patupu.

"Wameacha simu," akanong'ona Pascaline. "Annonciata hatusikii tena."

"Usinyamaze," Mukashema akasema, na akaendelea. Wote wakaendelea. Waliimba ubeti wa tatu kwa ukuta mweupe wa nchi nyingine.

Kisha mtu akaingia, mwanamke kijana mwenye shuka safi mikononi, aliyekuja kutandika. Akasimama. Akageuza kichwa huku na huku kutafuta sauti inatoka wapi. Akaiona simu. Uso wake ukajaa kioo chote, mdomo wazi kidogo, akawaona wanawake kumi na mmoja wenye vilemba vyeupe wanamtazama na kumwimbia. Akasema kitu. Hawakukielewa. Akauliza tena, na Mukashema, bila kuacha kuimba, akaonyesha kwa kidole kule mlangoni, kule kitanda kilikoelekea.

Mwanamke yule akatupa shuka kitini. Akaichukua simu, akaishika kifuani, kioo kikawa giza, na ndani ya giza hilo wakasikia mlango ukisukumwa na viatu vyake vikikimbia kwenye njia ndefu, tap, tap, tap, na kwa mbali magurudumu. Mukashema akaanza kupiga makofi kwa mdundo wa hatua hizo. Wenzake wakafuata.